Mathayo ni yupi hapa: mzee mwenye ndevu au kijana anayehesabu hela? (Picha ya Caravaggio)

#1 Wakala wa Gati

Wakuu, heshima zenu. Sijui kama hili ndilo jukwaa lake, modi akiona panafaa kwingine auhamishe tu uzi.

Ofisini kwetu kuna kalenda ya parokia. Mimi ni wakala wa forodha, na wanaoijua kazi hii wanajua kuwa nusu ya siku ni kungoja mtandao urudi. Septemba nzima nilikuwa nangoja mtandao huku naikodolea macho picha ya mwezi ule. Chumba cha giza. Watu watano wameizunguka meza yenye sarafu. Upande wa kulia wameingia wawili, peku, mmoja amenyoosha mkono. Chini wameandika kwa herufi za kusumbua macho: Wito wa Mtakatifu Mathayo, Caravaggio. Yaani ni Yesu anamwita Mathayo, mtoza ushuru, amfuate. Oktoba ilipofika kalenda ikafunuliwa, mimi nikairudisha Septemba. Bosi akaniuliza kama siku hizi nadai mshahara wa mwezi uliopita.

Nikaanza kuitafuta mtandaoni. Picha yenyewe ni ya rangi za mafuta kwenye turubai, sentimita 322 kwa 340, yaani ukuta mzima wa chumba cha kupanga. Iko Roma, kwenye kanisa la Wafaransa, San Luigi dei Francesi, karibu na Piazza Navona. Mwenye hela za kukijenga kikanisa cha pembeni ilimo picha alikuwa kadinali Mfaransa, Matthieu Cointerel, ambaye Waitalia walimwita Contarelli. Jina lake ni Mathayo, ndiyo maana akataka maisha ya Mathayo ukutani. Akafa mwaka 1585 kuta zikiwa tupu. Fundi aliyepewa kazi mwanzo alipaka dari, halafu akapata tenda kubwa zaidi kwingine akaziacha kuta vilevile (hawa mafundi hawajaanza leo). Julai 1599 kazi ikapewa kijana wa miaka 27, Michelangelo Merisi, anayejulikana kwa jina la mji wa kwao, Caravaggio. Malipo skudi 400 (sarafu za Roma za enzi hizo) kwa picha mbili za ukutani. Hakuwahi kupewa kazi ya kanisa kubwa namna ile. Kufikia Julai 1600 zilikuwa zimeshatundikwa.

Sasa swali. Ukiuliza watu kumi Mathayo ni yupi, tisa watakuonyesha mzee mwenye ndevu aliyekaa katikati. Mwanga umempiga usoni, macho yamemtoka, na kidole chake cha shahada kimeinuka kama anayesema "mimi?"

Mimi nasema hapana. Mathayo ni yule kijana wa mwisho kabisa kushoto, aliyeinama, nywele zimemfunika uso, anahesabu sarafu na hana habari kuna nani mlangoni.

Sababu zangu si za kitaalamu, ni za kazi. Nimekaa kwenye meza hizi miaka 11. Mkubwa akiingia ofisini, wa kwanza kuinua vichwa ni wateja na wapambe. Mwenye meza hainui. Si dharau. Ukiwa katikati ya kuhesabu hela ukainua kichwa, hesabu imepotea, unaanza upya. Kila aliyewahi kuhesabu noti anajua.

Pili, tazameni mkono wa kulia wa huyo mwenye ndevu. Uko mezani, karibu kabisa na mkono wa kijana, pale pale penye sarafu. Huo ni mkono wa mtu aliyetoka kuweka hela. Na mfuko wa fedha umeshikwa na nani? Na kijana. Anayelipa ni mzee, anayepokea ni kijana. Mtoza ushuru ni nani hapo?

Tatu, hicho kidole. Kitazameni tena bila haraka. Mimi nakiona kinapita kifua chake kwenda kwa jirani. Hasemi "mimi?" Anasema "huyu?"

Karibuni.

#2 Pembe Nne

Siti ya mbele. Nimeshika chai na kitumbua.

#3 Katekista Mstaafu

Mwanangu Wakala, nimekusoma mpaka mwisho na nimefurahi kuona kalenda zetu zinatazamwa, maana wengi wanazitumia kufungia maandazi mwaka ukiisha.

Lakini sikubaliani nawe. Kikanisa kile kina picha tatu. Mkabala na hiyo kuna ya kuuawa kwake Mathayo, na juu ya altare kuna Mathayo akiandika Injili huku malaika akimhesabia mambo kwa vidole. Katika hizo mbili Mathayo ni mtu mzima mwenye ndevu, kipara kimeanza. Mchoraji atafanyaje watu wajue mtakatifu ni yule yule akimfanya kijana asiye na ndevu ukutani na mzee kwingine? Waumini wa zamani walisoma picha kama sisi tunavyosoma vitabu.

Halafu mwanga. Mwanga umekwenda kwa mwenye ndevu. Mungu anapomwita mtu humwangazia, hamwachi gizani akihesabu senti.

#4 Wakala wa Gati

Shikamoo mzee wangu. Hoja ya ndevu ni nzito. Ila kuna miaka mingi kati ya kuitwa na kuuawa, na ndevu huota. Nilianza kazi hii sina hata sharubu.

#5 Mchora Mabango

Nimeingia kwa sababu ya neno "rangi za mafuta". Mimi nachora mabango ya saluni na gereji, na nimechora Karamu ya Mwisho kwenye makanisa mawili, kwa rangi ya gloss kwa sababu ndiyo wenye kanisa walinunua. Kwa hiyo nitasema la mkono.

Gloss inakauka haraka, ukikosea umekosea. Rangi ya mafuta inakaa mbichi siku kadhaa, unaweza kuilainisha, kuisogeza, kuiyeyusha ukingoni mpaka shavu linaingia gizani bila mstari. Jamaa huyu alianza na turubai iliyopakwa rangi ya udongo, nyeusi nyeusi. Kwenye hizo sehemu zenye kivuli rangi kaiweka kidogo sana, giza lile kwa kiasi kikubwa ni turubai lenyewe linaloonekana. Yaani giza halipaki, analiacha. Anachopaka ni mwanga. Wengi wetu tunafanya kinyume, tunaanza na kibao cheupe halafu tunahangaika kutafuta weusi.

Na hakuna michoro yake ya penseli iliyopatikana mpaka leo. Alikuwa anamkalisha mtu mbele yake na kumpaka moja kwa moja, akikwaruza mistari michache kwenye rangi mbichi ya chini ili akirudi kesho ajue mkono ulikuwa wapi. Ndiyo maana sura zile ni za watu wa mtaani. Hao vijana wawili wenye manyoya kofiani, mmoja na upanga kiunoni, wamevaa nguo za Roma ya mwaka 1600, si za Galilaya. Kama leo nimchore Mathayo kavaa shati la drafti na kishikwambi mezani. Walioingia peku na majoho yao ndio pekee waliovaa za zamani, wanaonekana kama wametokea kwenye karne nyingine.

Kuhusu mwanga, mzee Katekista, tazama vizuri: unatokea kulia, juu ya kichwa cha Yesu. Lile dirisha lililo katikati ya ukuta halitoi kitu, limezibwa. Dirisha lipo na chumba ni giza. Hapo ndipo nilipomvulia kofia.

#6 Kijana wa Kongowea

Wadau, huyu Caravaggio si ndiye aliua mtu? Nimesoma mahali. Mbona kanisa linatundika kazi ya muuaji?

#7 Mchora Mabango

Ndiye. Ila aliua Mei 1606, picha ilikuwa na miaka sita ukutani. Alimuua Ranuccio Tomassoni kwenye ugomvi hapo hapo Roma, akakimbia: Napoli, Malta, Sisilia, Napoli tena. Alikufa Julai 1610 akiwa njiani kurudi kutafuta msamaha, umri miaka 38. Unataka watoe picha? Kwenye ile ya kuuawa kwa Mathayo amejichora mwenyewe nyuma kabisa, anageuka kutazama mauaji huku anaondoka. Aliichora kabla hajaua mtu yeyote.

#8 Kijana wa Kongowea

Hiyo ya mwisho imenitia baridi, boss.

#9 Binti Malindi

Assalam alaykum na hamjambo nyote. Mimi ni Muislamu, na kwetu mitume hawachorwi, kwa hiyo ya sura za watu hao nawaachia wenyewe. Nimevutwa na neno moja tu, na mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mtanisamehe.

Nimefungua Biblia ya Kiswahili, ile ya Union, Mathayo 9:9. Imeandikwa kuwa Yesu aliona mtu "ameketi forodhani". Forodhani! Mimi nimekulia Unguja, Forodhani kwetu ni pale ufukweni Mji Mkongwe, watu wanakwenda jioni kula mishikaki na urojo. Watoto wangu wanadhani maana ya Forodhani ni chakula. Kumbe jina limebaki, kazi imehama: hapo ndipo bidhaa ziliposhushwa na ushuru ukatozwa. Kwa hiyo Mzanzibari anayesoma aya hiyo anamuona mtu amekaa pwani, majahazi mbele yake, karafuu na pembe zinapimwa. Kapernaumu, habari hiyo ilikotokea, nako ni ufukweni mwa ziwa. Aliyetafsiri alipata neno ambalo mchoraji wa Roma hakuwa nalo, yeye ikabidi amfungie mtu chumbani.

La pili. Aya inaendelea: "Akamwambia, Nifuate. Akaondoka, akamfuata." Vijana wa leo wakisoma "akaondoka" wanaelewa kuwa aliacha mahali akaenda zake. Lakini katika Kiswahili cha wazee wetu kuondoka ni kuinuka ulipokaa. "Ondoka umpishe mgeni" maana yake nyanyuka kitini. Kwa hiyo habari yote ya Mathayo ni vitenzi viwili, kuinuka na kufuata. Naomba mnieleze nyinyi mnaoijua picha: katika hiyo picha kuna aliyeinuka?

#10 Katekista Mstaafu

Mwalimu, umenifungua. Aya tatu tu juu yake yule mwenye kupooza anaambiwa "Ondoka", naye akaondoka. Miaka 40 nafundisha sura hiyo na sijawahi kuyaweka hayo maneno mawili pamoja.

#11 Wakala wa Gati

Mwalimu, swali lako limenirudisha kwenye kalenda. Hakuna aliyeinuka. Yuko mmoja mwenye miwani, amesimama nyuma ya kijana, lakini ameinama kuchungulia sarafu. Wa upanga amejisogeza kwenye benchi kama anataka kuamka, ila huyo hahusiki.

Na sikilizeni hii. Yale maelekezo yaliyoachwa kwa ajili ya kikanisa yapo mpaka leo. Yalitaka chumba kipana cha kutozea ushuru, meza yenye vitabu na fedha, na Mathayo akiinuka mezani kwa shauku ya kumwendea Bwana anayepita njiani na wanafunzi wake. Imeandikwa kabisa ainuke. Jamaa kalipwa skudi 400, kapewa maelekezo, na hakumwinua mtu.

#12 Pembe Nne

Fundi wa mtaani kwetu kabisa huyu. Unamwambia dirisha kushoto anaweka kulia.

#13 Sista Mwanafunzi

Tumsifu Yesu Kristo. Niko Roma kwa masomo mwaka wa tatu sasa, nimepita kanisa hilo mara nyingi kwa sababu liko njiani. Niwape ambayo kalenda haiwezi kuonyesha.

Kwanza, kikanisa ni kidogo na hamruhusiwi kuingia ndani. Unasimama kwenye kizuizi, picha iko ukuta wa kushoto, unaitazama kwa upande. Hii ni muhimu kwa ubishi wenu: ukisimama hapo, aliye karibu nawe kuliko wote ni huyo kijana aliyeinama. Yesu ndiye wa mbali, yuko upande wa altare. Juu ya altare kuna dirisha la kweli, na mwanga aliouchora unatokea upande ule ule. Ukiwa pale unaona kama jua la nje limeingia kwenye turubai.

Pili, giza. Mara ya kwanza nilipokwenda kulikuwa na kisanduku pembeni, unatumbukiza sarafu taa zinawaka dakika chache, kisha zinazima. Tulikuwa watu kama 20 tumesimama gizani, kila mmoja anangoja mwingine atoe sarafu. Nilicheka peke yangu. Kumwona mtoza ushuru lazima ulipe.

Tatu, mkono wa Yesu. Kwa mbali unadhani ananyooshea kidole kwa amri. Ukikaza macho, mkono umelegea, kiganja kimeshuka. Ni mkono wa Adamu kwenye dari la kikanisa cha Sistina huko Vatikani, ule aliouchora Michelangelo mwingine, yule Buonarroti, umegeuzwa tu upande. Si mkono wa Mungu, ni wa Adamu, na Paulo anamwita Kristo Adamu wa mwisho. Petro amesimama mbele yake na kurudia ishara ile ile kwa udogo, na picha za eksirei zimeonyesha Petro hakuwepo mwanzo, aliongezwa baadaye. Halafu mtazame Yesu miguuni: imeshageuka kutoka nje. Ameita na anaondoka, hasubiri jibu.

Kuhusu nani ni Mathayo: Bellori, aliyeandika maisha ya Caravaggio mwaka 1672, anasema wazi kuwa ni yule aliyeacha kuhesabu na kuweka mkono kifuani akimgeukia Bwana. Kwa hiyo mzee Katekista ana shahidi wa karne ya 17. Hoja ya kijana ililetwa kwa nguvu na Mjerumani Andreas Prater mwaka 1985, na tangu hapo wanazuoni wamegawanyika.

#14 Katekista Mstaafu

Nashukuru Sista. Shahidi wangu yupo, nipumzike.

#15 Sista Mwanafunzi

Samahani Mwalimu Katekista, sikuwa nimemaliza. Marehemu Papa Fransisko, alipokuwa bado askofu, akija Roma alikuwa anakwenda kuitazama picha hii. Mwaka 2013, miezi michache baada ya kuchaguliwa, alisema kwenye mahojiano kuwa Mathayo anayemgusa ni yule anayeng'ang'ania hela zake kana kwamba anasema hapana, si mimi. Na kaulimbiu yake ya kiaskofu, kwamba Bwana alimhurumia na kumchagua, imetoka kwenye mahubiri ya Mtakatifu Beda kuhusu kuitwa huko kwa Mathayo. Wito wake mwenyewe aliuhisi tarehe 21 Septemba 1953, sikukuu ya Mathayo, akiwa kijana wa miaka 16.

#16 Pembe Nne

Katekista, Papa yuko na mleta uzi. Unajibuje?

#17 Katekista Mstaafu

Katika mambo ya imani na maadili namfuata Papa. Katika mambo ya ndevu nina uhuru wangu.

#18 Mchora Mabango

Mzee kamaliza.

Na mimi niongeze kitu. Ile picha ya altare ya Mathayo anaandika, tunayoiona leo, ni ya pili. Ya kwanza ilikataliwa. Mathayo alichorwa kama mkulima, miguu wazi amekunja nne, unyayo unatutazama, na malaika amemshika mkono anamwongoza kuandika kama mtoto wa darasa la kwanza. Tajiri mmoja, Giustiniani, akainunua. Mwishowe ilifika Berlin, na mwaka 1945 ikaungua huko vita vikiisha. Zimebaki picha za kamera tu, nyeusi na nyeupe. Mathayo yule alikuwa na ndevu, tena nyingi. Hoja hii nampa Katekista bure.

#19 Wakala wa Gati

Nimesoma yote. Nimerudi kwenye kalenda mara ya mwisho, maana bosi ameahidi kuichana.

Sibadili kijana wangu. Ila nimeona niliuliza vibaya. Nilikuwa natafuta jina la mtu kama ninavyotafuta jina kwenye nyaraka za mzigo, nani mwenye mali, nani mpokeaji, weka mhuri tupite. Mwalimu Binti Malindi ndiye kanipa neno: hakuna aliyeondoka. Injili ina "Nifuate" na ina "akaondoka", na kati yake pana nukta tu. Jamaa kachukua mita tatu na ushee za turubai akaichora nukta.

Ndiyo maana hajamwinua mtu kama alivyoelekezwa. Akimwinua mmoja, wengine wote wanapumua, wanajua si wao. Hivi alivyowaacha, kidole cha mzee kinaweza kwenda huku au kule, na kijana bado yuko kwenye hesabu yake, labda amebakiza sarafu tatu. Nawajua watu wa kubakiza sarafu tatu. Unajiambia nikimaliza hii nitasikiliza.

Kuna siku mke wangu alinipigia simu mara nne nikiwa namalizia makadirio ya mzigo wa mtu. Ya tano nikapokea nikiwa nimekasirika. Alikuwa ananiambia mtoto amesimama dede. Nilipofika nyumbani mtoto ameshalala.

#20 Binti Malindi

Mtoto akisimama dede huku kwetu huitwa majirani. Pole, baba fulani. Na huyo naye aliondoka, kwa maana yangu ile.

#21 Mtumba Daraja A

Samahani kuingilia. Mleta uzi, hiyo hadithi ya kalenda ya parokia na bosi wa kuchana kalenda imenishtua. Ofisi yenu si ghorofa ya pili, mlangoni kuna mmea uliokauka? Wewe si ndiye unashughulikia kontena langu la mitumba tangu Agosti? Nimekupigia leo mara sita.

#22 Wakala wa Gati

Unasema mimi, au huyu aliyekaa pembeni yangu?